Mkebe Usio na Jina

Wiki kumi kabla ya harusi yangu nilisimama dirishani kwetu Nyanchwa, kioo kidogo mkononi, nikaanza kuhesabu mashimo ya shavu la kushoto. Nilisimama dirishani kwa sababu taa ya chumbani husamehe, lakini jua la saa tatu asubuhi halisamehi. Nilipofika kumi na saba nikaacha. Ni mashimo ya chunusi za kidato cha pili, zile zilizonifanya nikae na kiganja shavuni mpaka mwalimu akadhani naumwa na jino. Chunusi zenyewe zilikuwa zimepungua. Yaliyobaki ni mashimo, pamoja na madoa meusi ya zile chache zilizokuwa bado zinachipuka kila mwezi.

Utaniambia, si upake meikapu tu? Ngoja nikueleze kwetu. Nyanchwa ni kilima kilicho juu ya mji wa Kisii, na ukipanda huko unakutana na kanisa, shule na chuo cha Waadventista Wasabato. Harusi zetu ni Jumapili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato. Katika familia kama yangu bibi harusi havai hereni wala mkufu, wengi hata pete hawavishani, na usoni unapaka mafuta basi. Mama alilisema hilo kwenye kikao cha kwanza cha kamati ya harusi, kwa ule upole wake usiojadiliwa. Kwa hivyo uso wangu ungeingia kanisani vile ulivyo, mbele ya watu mia nne na mpiga picha mwenye kamera inayohesabu kope.

Nikateremka mjini. Dada wa duka moja la vipodozi aliniangalia mara moja tu. Hakuniuliza ninaumwa na nini. Aliuliza, "Harusi ni lini?"

Nilipomwambia Desemba, akafunua ndoo nyuma ya kaunta, akachota krimu yenye rangi ya maziwa, akaijaza kwenye mkebe mweupe usio na jina. Shilingi elfu moja mia tano. "Hii inatoa madoa yote. Paka usiku, mchana usiipake."

Kusema ukweli, ilifanya kazi. Siku ya nne chunusi zilikuwa zimelala. Wiki ya pili madoa yalikuwa yamefifia, na ngozi imekuwa laini kama yai la kuchemsha lililomenywa. Wiki ya tatu uso wote ulikuwa umepanda rangi, shingo ikabaki chini yake kama ya mtu mwingine. Wenzangu wa kwaya wakasema mapenzi yananifaa. Mashimo yalikuwa palepale, yote kumi na saba. Lakini ukisifiwa kila siku unaacha kuhesabu.

Halafu akaja shangazi.

Ni dada mkubwa wa baba yangu. Anaishi Nyamira, na alikuja kukaa nasi kwa maandalizi. Hakunisalimia kwanza. Alinishika kidevu, akanigeuza kuelekea dirisha lilelile, akanitazama kama mtu anayetazama mahindi kama yameliwa na funza. "Mwanangu," akasema, "hii ngozi naijua. Umeitoa wapi?"

Shangazi mwenyewe ana mashavu meusi yenye rangi ya kibuluu, na yamekwaruza kama ganda la parachichi. Tulipokuwa watoto tuliambiwa ni jua la Nairobi. Katika kila picha ya familia amesimama nyuma, nusu ya uso imefichwa na bega la mtu. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Jioni ile, tukichambua chinsaga, alinieleza bila kuulizwa.

Alikwenda Nairobi 1974 kutafuta kazi, akakaa chumba kimoja na msichana wa kutoka Kakamega. Wote wawili walikuwa na chunusi, na wote wawili walinunua sabuni iliyokuwa ikisifiwa kwamba inasafisha uso. Unajipaka povu, unalala nalo, asubuhi unanawa. Baada ya muda rafiki yake akaanza kuvimba: kwanza macho asubuhi, kisha miguu, mpaka viatu vikamkataa. Akalazwa hospitalini, na daktari akamwuliza swali ambalo halikuwa na maana kwao wakati ule: unatumia sabuni gani? Aliiacha, na baada ya miezi mingi uvimbe ukapungua. Shangazi naye akaogopa, akaacha sabuni. Akahamia krimu, kwa sababu krimu ilikuwa ya kisasa na haikuwa na ile dawa ya sabuni. Alipaka kwa miaka. Mashavu yalipoanza kuwa meusi alidhani krimu haitoshi, akaongeza.

"Mimi sikutaka kuwa mzungu," akaniambia. "Nilitaka kutoa chunusi."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nilikuwa nimezoea kusoma kwamba wanawake wanaojichubua wanajichukia, kwamba ni ugonjwa wa ukoloni, na kwamba dawa yake ni kujipenda. Huenda kuna ukweli hapo. Lakini mimi sikuteremka mjini nikitafuta weupe, na shangazi pia hakuutafuta. Tulitafuta dawa ya madoa, miaka hamsini ikiwa kati yetu, na wote wawili tukauziwa rangi. Nikaanza kusoma ili nijue ilikuwaje vitu hivi viwili vikawekwa kwenye mkebe mmoja.

*

Nianze kabla ya mkebe. Ndoa ya Abagusii ya zamani haikuwa na siku moja ambayo uso ulilazimika kuwa tayari. Kulikuwa na esigani, mshenga, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza pande zote mbili: familia hii ni ya watu gani, msichana ana tabia gani, nyumba hiyo inasemwa nini na majirani. Kulikuwa na ng'ombe wa mahari, waliojadiliwa kwa muda mrefu. Na kulikuwa na enyangi, sherehe kubwa ya kukamilisha ndoa, ambapo mke alivishwa ebitinge, pete za chuma za miguuni. Robert LeVine na Barbara LeVine, wanaanthropolojia Wamarekani waliofika Gusii 1955, waliandika kuhusu haya yote. Kilichonishangaza ni kwamba enyangi ingeweza kufanywa miaka mingi baada ya watu kuanza kukaa pamoja, wengine wakiwa tayari na watoto. Mwanamke hakuwa bibi harusi wa saa tano. Watu walikuwa wameshamwona akilima, akiugua, akizaa na akizeeka kidogo.

Na sisi si watu waliokosa makovu. Gusii imeandikwa katika vitabu vya tiba duniani kwa sababu ya omobari, tabibu aliyepasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mtu aliyeumia au aliyesumbuliwa na maumivu ya kichwa yasiyoisha. Edward Margetts, daktari wa akili aliyefanya kazi Nairobi miaka ya 1950, aliichunguza kazi hiyo na kuiandika. Wapo waliopasuliwa zaidi ya mara moja, wakarudi shambani na kovu linaloshika ncha ya kidole. Sisemi kwamba kovu lilikuwa pambo. Nasema lilikuwa sehemu ya mwili wa mtu ambaye kijiji kilimjua.

Waadventista walianza kazi katika eneo hili la ziwa 1906, pale Gendia, kupitia A. A. Carscallen kutoka Kanada na Peter Nyambo kutoka nchi inayoitwa leo Malawi. Miaka michache baadaye, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, walipanda Nyanchwa. Walileta shule na hospitali, na watu wengi wa Kisii wanaosoma leo wanawadai shukrani, mimi nikiwemo. Walileta pia mafundisho ya mwili usio na mapambo. Shanga zikavuliwa. Baada ya muda ebitinge nazo zikaondoka, na harusi ikawa siku moja yenye gauni, maua, cheti na picha. Silalamiki; gauni nililipenda. Lakini fikiria kilichotokea: mapambo ya mguuni, shingoni na masikioni yameondoka, macho ya watu yamekusanywa katika asubuhi moja, na kilichobaki kutazamwa ni uso.

Ndani ya pengo hilo ndimo sabuni iliingia.

*

Zebaki haikuanzia kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake weupe wa Ulaya na Marekani walipaka krimu zenye zebaki ili kufuta madoadoa ya jua. Zebaki huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, rangi ya ngozi. Pia huua vijidudu, ndiyo maana sabuni zake ziliuzwa kama dawa. Shida ni kwamba haikai juu ya ngozi. Inapenya, inaingia kwenye damu, inafika kwenye figo. Chujio la figo likiharibika, protini inavuja kwenye mkojo na mwili unaanza kuvimba, kama alivyovimba yule msichana wa Kakamega.

Kumbe madaktari wa Nairobi walikuwa wameshaliona. Mwaka 1972, miaka miwili kabla ya shangazi kupanda basi, jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa Nairobi kuhusu wagonjwa wazima 60 wenye ugonjwa huo wa figo. Kati yao, 32 walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Ni zaidi ya nusu. Baadhi yao walipata nafuu baada ya kuacha. Utafiti huo unatajwa mpaka leo duniani kote. Lakini ulichapishwa London, kwa Kiingereza cha madaktari, na shangazi alikuwa akinunua sabuni yake dukani mtaani.

Watu hawakuwa kimya, ila makelele yalielekezwa kwingine. Lawino, mke anayesema katika utenzi wa Okot p'Bitek uliochapishwa Nairobi 1966, anamcheka mke mwenzake Clementine kwa poda na rangi za usoni. Huko Tanzania, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969, vimini, wigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua ni marufuku. Krimu iliyokuwa midomoni mwa watu ni Ambi, ambayo matangazo yake yalijaa magazetini Afrika Mashariki yote. Vijana wa chama walikwenda barabarani kukagua wasichana. Ukisoma mabishano ya miaka ile utaona kwamba anayeulizwa maswali ni msichana, kwamba ameacha mila na anaiga wageni. Swali la kilichomo ndani ya kopo halikupata maandamano.

Na hapa ndipo sentensi ya shangazi inaposimama. Mwanahistoria Lynn M. Thomas, katika kitabu chake Beneath the Surface cha 2020, anafuata safari ya vipodozi hivi kutoka Marekani hadi Afrika Kusini hadi Kenya. Ukiyatazama matangazo ya zamani ya krimu hizi, maneno ni yaleyale ya dada wa kaunta yangu: uso safi, uso bila doa. Kung'aa na kupona viliwekwa kwenye sentensi moja mpaka mnunuzi asiweze kuvitenganisha. Mwenye chunusi alikuwa mteja bora kuliko wote, kwa sababu alikuwa na sababu ya haki ya kununua.

Sheria zilikuja polepole, na hazikuja kwa wote kwa wakati mmoja. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana 1976 kuondoa zebaki kwenye vipodozi vya watu wao. Hata hivyo viwanda vya Uingereza na Ireland viliendelea kutengeneza sabuni za zebaki kwa ajili ya kuuza nje, Afrika ikiwa soko kubwa, na Umoja wa Ulaya haukupiga marufuku usafirishaji huo mpaka 2003. Yaani kwa zaidi ya robo karne kitu kilichokuwa sumu kwa mteja wa London kilikuwa bidhaa kwa mteja wa Kisii. Kenya yenyewe, kupitia Shirika la Viwango, KEBS, ilitoa tangazo 1998 dhidi ya vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni.

Shangazi alikuwa ameshaacha zebaki zamani. Kilichomharibu mashavu ni hiyo ya pili.

*

Haidrokwinoni ilifika usoni kwa njia ya glavu. Mwaka 1939 madaktari nchini Marekani waliripoti kisa cha wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi za wanyama, wengi wao watu weusi, waliotokwa na mabaka meupe mikononi hadi kwenye vigimbi. Mabaka yaliishia pale glavu za mpira zilipoishia. Ndani ya mpira huo kulikuwa na kemikali ya kuuzuia usichakae, ndugu wa haidrokwinoni. Kwa mfanyakazi ilikuwa ajali kazini. Kwa watengenezaji wa dawa na vipodozi ilikuwa habari njema, kwamba hapa kuna kitu kinachofuta rangi na si zebaki.

Sasa tuingie 1975, mwaka ambao nadhani mkebe wangu ulizaliwa.

Mwaka huo Albert Kligman, daktari wa ngozi wa Philadelphia, pamoja na mwenzake Isaac Willis, walichapisha fomula mpya ya kuondoa rangi kwenye ngozi: haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1, na steroidi iitwayo deksamethasoni asilimia 0.1. Kila moja peke yake ilikuwa dhaifu au yenye kuwasha. Zikichanganywa, zinafuta doa ndani ya wiki chache, na steroidi inazima mwasho. Madaktari wanaiita fomula ya Kligman mpaka leo, na ikitolewa kwa kipimo, kwa muda mfupi, na mgonjwa akifuatiliwa, ni dawa halali.

Kligman alijifunza ngozi wapi? Kuanzia 1951 hadi 1974 aliendesha majaribio ndani ya gereza la Holmesburg, Philadelphia, juu ya wafungwa ambao wengi wao walikuwa weusi, waliolipwa dola chache. Mwenyewe alimwambia mwandishi wa habari kwamba alipoingia mara ya kwanza aliona ekari za ngozi, kama mkulima aliyeona shamba lenye rutuba. Mji wa Philadelphia uliomba radhi 2022. Mimi ni mtoto wa wakulima. Najua jicho la mtu anayetazama shamba, na sijawahi kutaka kutazamwa hivyo.

Mwaka huohuo wa 1975, upande wa pili wa dunia, daktari G. H. Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza ugonjwa waliouona kwa wanawake waliopaka haidrokwinoni kwa muda mrefu. Ngozi ya mashavu inakuwa nene, inakwaruza, inakuwa nyeusi yenye ubuluu, na weusi huo hautoki. Ni ile ile ngozi ya parachichi. Mgonjwa anaona weusi unaongezeka, anaongeza krimu, na krimu ndiyo inayouleta. Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi 1990. Nilimsomea shangazi maelezo ya Findlay kwa Kiswahili changu cha haraka. Alinyamaza, kisha akauliza, "Walijua 1975?" Nikamwambia ndiyo. Akarudi kwenye mboga zake.

Mkebe wangu haukuwa na jina, lakini ulikuwa na tabia. Chunusi zinazolala siku nne ni steroidi. Madoa yanayofifia wiki mbili ni haidrokwinoni, au kitu kibaya zaidi. Sehemu ndogo ya ile fomula ya hospitali ilikuwa imetembea kutoka Philadelphia, ikapoteza kipimo chake njiani, ikapoteza daktari, ikapoteza tarehe ya mwisho, na ikafika Kisii ndani ya ndoo.

*

Daktari wa ngozi niliyemwona hakunigombeza. Alichukua karatasi akachora mistari miwili. Wa kwanza aliuwekea nukta ya wino juu. "Hili ni doa. Ni rangi iliyobaki baada ya chunusi. Litaondoka lenyewe kwa miezi ukikinga uso na jua, na dawa inaweza kuliharakisha." Mstari wa pili aliuchora ukizama katikati. "Hili ni kovu. Hapa chunusi ilikula nyama ya chini, kolajeni, na ngozi ikapona ikiwa imevutwa ndani. Doa ni wino, kovu ni udongo uliobonyea. Hakuna krimu inayojaza shimo."

Nilikaa nikitazama karatasi ile. Miaka kumi na mitatu nimetumia ndimu, mshubiri, sabuni ya mti, dawa ya meno na sasa mkebe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba nina vitu viwili tofauti.

Mashimo yana matibabu. Kuna kuchomwa kwa sindano ndogondogo ili ngozi itengeneze kolajeni mpya, mara kadhaa, wiki nyingi zikipita katikati. Kuna kukata nyuzi zinazovuta kovu kutoka chini. Kuna asidi za kupaka kwa kipimo, na leza, ambayo kwa ngozi nyeusi inahitaji mkono unaoijua, kwa sababu ikikosewa inaacha madoa mapya. Hakuna njia inayorudisha ngozi ya utotoni. Unapata nafuu, na unaipata kwa miezi. Na hakuna mtu mwenye akili atakayeanza hayo juu ya chunusi zinazowaka au ngozi iliyolewa steroidi. Kwanza ngozi iwe tulivu.

Akaniandikia utaratibu wa kuacha mkebe, mafuta ya kukinga jua, na dawa mbili za kutumia baadaye. Kisha akauliza swali ambalo dada wa duka hakuliuliza: "Mnapanga kupata mtoto lini?" Moja ya dawa hizo ni jamii ya vitamini A, na dawa za jamii hiyo hazitumiwi mtu akiwa mjamzito. Zile za vidonge ni hatari kabisa kwa mimba. Bibi harusi anayemeza vidonge vya chunusi alivyonunua bila kuulizwa swali hilo anacheza na kitu kikubwa kuliko picha.

Nilipofika nyumbani nikatafuta jina la dawa ya kupaka aliyoniandikia. Tretinoini. Aliyeifanya kuwa dawa ya chunusi mwishoni mwa miaka ya 1960 ni Kligman yuleyule, na ngozi aliyoijaribia ilikuwa ya Holmesburg. Kwa hivyo siwezi kukupa hadithi yenye dawa chafu upande mmoja na dawa safi upande wa pili. Tofauti kati ya mkebe na ile tyubu ni kwamba tyubu ina jina, ina kipimo, na kuna mtu nitakayemrudia ikinidhuru. Naitumia. Kila usiku, kiasi cha punje ya njegere, na mara nyingine nawafikiria wale wanaume.

Wakati huo nilianza kuona kitu kingine. Mchumba wangu ana vipele na makovu shingoni, ya ndevu zinazoota kuelekea ndani baada ya kunyolewa. Anayo tangu nimjue. Katika vikao vyote vya kamati hakuna mtu aliyemwuliza anapaka nini.

*

Ukiacha steroidi, ngozi inakudai. Daktari alinionya. Wiki tatu kabla ya harusi uso ulirudi na deni lake lote: vipele vyekundu kuzunguka mdomo, mwasho usiku, chunusi mahali ambapo hazikuwahi kuwa. Mkebe ulikuwa bado kwenye droo. Nilijua kwamba nikiupaka siku nne tu nitaingia kanisani nikiwa laini. Usiku mmoja niliufungua. Shangazi alikuwa amelala kitanda cha pili, mgongo kwangu. "Mimi nilikuwa nasema siku nne pia," akasema bila kugeuka.

Tulifunga ndoa Jumapili ya pili ya Desemba, vipele vyote vikiwepo. Singependa kukudanganya kwamba sikujali. Nilijali mpaka mlangoni. Ndani nilisahau kwa muda, kisha nikakumbuka mpiga picha aliposogea, kisha nikasahau tena.

Baada ya wiki mbili mpiga picha alinipigia: "Nikusafishe uso?" Anaweza kufanya hivyo kwa kidole, ni kazi ya dakika moja. Nikafikiri, nikamwambia atoe vipele vya wiki ile na aache mashimo. Vipele vilikuwa vya mkebe. Mashimo ni yangu. Kuna rafiki anayesema hayo pia ni kujichubua, ila kwa mashine. Huenda ana haki. Bado tunabishana.

Picha iliyoko sebuleni kwa mama, shangazi amekaa mstari wa mbele. Hakuna aliyemwambia. Alivuta kiti mwenyewe.

Juzi binamu yangu amenitumia ujumbe. Anaolewa Agosti, na amesikia kuna kitu nilipaka kikanitoa chunusi ndani ya siku nne. "Nitumie jina, dada." Nilianza kumwandikia maelezo marefu: 1972, 1975, gereza, glavu. Nikafuta. Nikamwuliza maswali mawili tu: una madoa au mashimo? Na umebakiza miezi mingapi?

Akajibu yote mawili, na miezi sita. Nikamwambia miezi sita inatosha kuanza, ateremke akamwone daktari wiki hii. Kisha akauliza tena jina la ile ya siku nne. Nikamtumia namba ya shangazi.